Mwenye Mechi Ni Nani, na Habari Zinapita Wapi

Jumatano ya tarehe 25 Juni 2025, Yanga na Simba walikutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, katika dabi ya Kariakoo iliyokuwa ikingojwa tangu Machi. Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa. Siku hiyohiyo Nairobi vijana walikuwa barabarani kuadhimisha mwaka mmoja wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikaviamuru vituo viache kuyarusha maandamano hayo mubashara, kisha matangazo ya antena ya baadhi ya vituo, NTV na KTN vikiwemo, yakakatwa. Mahakama Kuu ilikuja kulisimamisha agizo hilo, lakini kwa saa kadhaa aliyebonyeza rimoti alikuta kioo hakina kitu, huku vituo vilevile vikiendelea kurusha kwenye YouTube kama kawaida.

Ukiyaweka matukio hayo mawili pamoja, utaona kwa nini swali la “ninunue TV gani ya intaneti nipate mpira wa nyumbani na habari za nyumbani” huwa halijibiki likiulizwa hivyo. Yapo maswali mawili ndani yake. Mpira una mwenyewe: mtu au kampuni iliyolipa ili wengine wasiuonyeshe. Habari hazina mwenyewe wa namna hiyo, na kila kituo kinatamani uzitazame kwake bure ili kipate kuuza matangazo ya biashara. Kwenye mpira unamtafuta mwenye haki. Kwenye habari unatafuta njia ambayo haitazimika siku unapoihitaji. Wengi hununua kifurushi kimoja wakitarajia kimalize yote, kisha wanalipa ghali pale ambapo wangepata bure na kukosa kile walichokilipia.

Tuanze na mpira, maana ndiko pesa inakokwenda.

Kwa Tanzania Bara jibu la Ligi Kuu lilishatolewa mwaka 2021, wala si na mtazamaji. Mei mwaka huo Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilisaini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, unaoanzia msimu wa 2021/22 hadi 2030/31. Azam ilikuwa inairusha ligi hiyo tangu 2013, kwa mikataba midogo zaidi. Kwa hiyo anayetaka kuona Namungo na Coastal Union, au Mashujaa wakiwa nyumbani Kigoma, hana sababu ya kukaa akilinganisha huduma tano. Iko moja. Hata ukiwa na king'amuzi cha kampuni nyingine kilicholipiwa hadi juu kabisa, mechi hizo hutaziona kwa njia halali nje ya Azam, na kwa upande wa intaneti hiyo ina maana ya programu yao ya Azam Max.

Neno “halali” nimeliweka makusudi. Kila mechi kubwa ikikaribia, simu zinajaa viungo vya Telegram na vya tovuti zenye majina ya ajabu, na mitaani wapo wauza visanduku vinavyodaiwa kufungua chaneli za dunia nzima kwa malipo ya mara moja. Mbali na sheria ya hakimiliki, viungo hivyo vina tabia ya kukatika kipindi cha pili, na kukata kiu ya dakika 45 kwa kuingiza namba ya kadi ya benki mahali usipopajua ni biashara mbaya. Niliache hapo.

Kinachowachanganya watu ni kudhani kwamba mwenye ligi ndiye mwenye timu. Simba akicheza na Dodoma Jiji, haki za mechi zimetoka TFF. Simba huyohuyo akicheza Ligi ya Mabingwa Afrika, haki zinauzwa na shirikisho la Afrika, CAF, lililoko Cairo, kwa mkataba mwingine na kwa mnunuzi anayeweza kubadilika. Taifa Stars wakienda AFCON mambo yanabadilika tena. Mfano mzuri ni fainali za AFCON 2023 zilizochezwa Ivory Coast kuanzia tarehe 13 Januari 2024, ambazo Tanzania ilikuwemo kundi moja na Morocco, Zambia na DRC. Haki za ukanda wetu zilikuwa mikononi mwa New World TV, kampuni ya Togo ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia. MultiChoice, wenye DStv, walikuwa wameshawatangazia wateja wao kwamba safari hii chaneli zao za SuperSport hazitaonyesha, kisha siku chache kabla ya mechi ya ufunguzi makubaliano yakapatikana. Aliyehama huduma kwa hasira wiki ile alihama bure, na aliyelipia mapema kwa imani alipona kwa bahati.

Ligi Kuu ya England nayo iko SuperSport, na kwa intaneti unaipata kupitia DStv Stream. Watu wengi walio na akaunti hiyo huwa ni mashabiki wa Arsenal au Manchester United wanaodhani wakilipa kidogo zaidi watapata na Yanga. Hawatapata. Nyumba yenye shabiki wa Liverpool na shabiki wa Simba ni nyumba ya malipo mawili, na ni vizuri hilo lijulikane mapema kabla ya ugomvi wa nani alipie nini. Septemba 2025 kampuni ya Canal+ ya Ufaransa iliichukua MultiChoice, na mabadiliko ya namna hiyo huwa yanaishia kwenye majina ya vifurushi na programu za simu. Hiyo peke yake inatosha kuogopa kulipia mwaka mzima kwa mkupuo.

Kenya hali ni tofauti, na ugumu wake uko kwenye kuhamahama. SuperSport waliibeba ligi ya Kenya kwa karibu miaka kumi, wakaondoka 2017 baada ya ligi kuongezwa kutoka timu 16 hadi 18. StarTimes wakaingia 2020 na mkataba wa miaka saba ambao haukufika hata nusu. Mwaka 2023 Azam ya Tanzania ikasaini na shirikisho la Kenya. Shabiki wa Gor Mahia au AFC Leopards aliyenunua king'amuzi kila haki zilipohama ana vifaa vitatu vinavyokula vumbi chini ya meza ya TV. Kwake yeye intaneti ina faida moja kubwa ambayo haizungumzwi sana: programu ya simu hufutwa kwa kidole, dishi halifutwi. Mahali ambapo haki zinahama mara kwa mara, usiwekeze kwenye chuma. Uganda StarTimes wameishikilia ligi yao tangu 2018, na huko hesabu inafanana zaidi na ya Tanzania.

Sasa kama mwenye mechi anajulikana na hana mshindani, je, kuna cha kuchagua? Kipo, ila si kampuni. Kampuni ileile inakufikishia mechi ileile kwa dishi, kwa king'amuzi cha antena, au kwa intaneti, na tofauti ya njia hizo tatu ni kubwa kuliko matangazo yao yanavyokuambia.

Chukua hesabu ya bando. Picha ya kawaida inayoonekana vizuri kwenye simu hula kama megabiti 1.5 kwa sekunde, sawa na MB 675 kwa saa. Picha nzuri ya kutosha TV ya sebuleni inahitaji megabiti 3, yaani GB 1.35 kwa saa. Ukitaka ile safi kabisa ya megabiti 5, weka GB 2.25 kwa saa. Mechi na mapumziko yake, pamoja na dakika za nyongeza ambazo waamuzi wa siku hizi hawazionei huruma, ni karibu saa mbili. Kwa hiyo mechi moja kwenye TV ni kama GB 2.7. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30 kwa msimu. Shabiki anayefuata timu yake tu, nyumbani na ugenini, atakula GB 81 kwa msimu mzima, kama GB 8 kwa mwezi. Si kidogo, lakini inabebeka.

Halafu weka taarifa ya habari. Saa moja kila usiku, kwa picha ile ya chini ya megabiti 1.5, siku 30: GB 20 na ushee kwa mwezi. Rudia hesabu kama huamini. Habari ambazo hazina kifurushi, ambazo kila kituo kinakupa bure kwenye YouTube, zinakula bando zaidi ya mara mbili ya mpira unaoulipia. Hapa ndipo ushauri wa kawaida unapogeuka juu chini. Wengi huweka dishi kwa ajili ya mpira na kutazama habari kwenye simu. Kwa anayeishi kwa bando, ingefaa iwe kinyume: mpira, unaokuja mara tatu au nne kwa mwezi, upitie kwenye intaneti, na habari za kila siku zipitie kwenye antena, ambako dakika sitini hazikugharimu hata MB moja.

Mwenye faiba nyumbani, analipia kwa mwezi bila kuhesabu GB, anaweza kuiruka aya iliyotangulia. Wa namna hiyo wanaongezeka Nairobi, Dar na Kampala, ila bado ni wachache kuliko matangazo yanavyotufanya tuamini.

Hiyo antena ina historia yake. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia, na leseni za kusambaza matangazo ya dijitali zikapewa makampuni matatu, mojawapo Star Media, ubia wa TBC na StarTimes. Makubaliano na wananchi yalikuwa kwamba ukishanunua king'amuzi, chaneli za kitaifa zisizolipiwa kama TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na EATV zitaendelea kuonekana hata kifurushi kikiisha. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliziondoa chaneli hizo kwenye ving'amuzi vya setilaiti vya Azam, DStv na Zuku, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuwaruhusu kubeba chaneli za bure, maana watu walikuwa wakizikosa fedha zikiisha. Nyumba nyingi zilijikuta na ving'amuzi viwili usiku mmoja. Baadaye chaneli zikarudi, lakini somo lile wengi wamelisahau: chaneli ya bure ndani ya king'amuzi cha kulipia haiko chini ya mamlaka yako. Inaweza kuondolewa na mtu ambaye hujawahi kuonana naye.

Kwenye programu za simu ni vivyo hivyo. Ukifungua programu ya kulipia ukakuta ITV na TBC1 zimo, usizihesabu kama sehemu ya unachonunua. Zipo leo. Zaidi ya hapo, haki ya kurusha kitu kwa antena si haki ya kukirusha kwa intaneti. Mikataba ya michezo mikubwa hutenganisha njia hizo, na ndiyo maana unaweza kutazama chaneli hewani ikionyesha mechi, ukaifungua chaneli hiyohiyo mtandaoni ukakuta tangazo la kuomba radhi au kipindi cha mapishi cha mwaka juzi.

Jambo la pili katika njia ni kuchelewa. Mechi ikipita kwenye setilaiti inapanda na kushuka karibu kilomita 36,000 kila upande, na safari hiyo yote haifiki hata sekunde moja. Kuchakata picha kunaongeza sekunde chache. Kwenye intaneti picha hukatwa vipande vya sekunde kadhaa kila kimoja, na simu yako hungoja iwe na vipande vichache mkononi kabla ya kuanza kuonyesha, ili mtandao ukitetereka picha isigande. Jumlisha, unajikuta nusu dakika nyuma ya uwanja, wakati mwingine zaidi. Kama unaishi peke yako porini haikusumbui. Lakini keti kwenye nyumba ya kupanga Tandika au Manzese, kibanda umiza, banda la kutazamia mpira kwa kiingilio, kiko nyumba ya tatu na kina dishi. Winga wa timu yako ndiyo kwanza anaupokea mpira katikati ya uwanja, kwako bado ni 0-0, ghafla mtaa mzima unalipuka. Wewe umebaki unamtazama mtu akikimbia kwenda kufunga goli ambalo umeshalisikia. Au mbaya zaidi, mtaa unanyamaza, na unajua penalti iliyowekwa kwenye kioo chako itakoswa. Wenye kubeti mechi ikiendelea waelewe pia kwamba anayepanga bei hasubiri simu yao.

Hakuna kampuni inayoandika urefu wa kuchelewa kwenye tangazo lake. Upime mwenyewe: washa redio yenye mtangazaji wa mechi, TBC Taifa kwa mfano, weka na programu pembeni, hesabu tofauti. Kuna wazee wanaotazama picha na kusikiliza redio kwa wakati mmoja miaka yote. Kwenye intaneti mtindo huo umekufa.

Na jaribu huduma siku ya mechi. Jumanne saa nne asubuhi kila programu ni nzuri. Tatizo ni Jumamosi saa kumi na moja jioni, mnara wa mtaa ukiwa umebeba watu mia wenye nia moja. Lipia kifurushi kifupi kuliko vyote kilichopo, cha siku au cha wiki, kwa mechi yenye watazamaji wengi, na utazame kwa mtandao uleule utakaoutumia daima. Picha ikianza kuzunguka dakika ya 20, kosa linaweza kuwa la mtandao wa simu na si la programu. Badilisha laini kabla hujabadilisha huduma. Angalia pia kama inakubali kurushwa kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV, kwa waya au bila waya, kwa sababu zipo zinazokubali simu lakini zikiona waya wa HDMI zinatia giza. Uliza ni vifaa vingapi vinaweza kutazama kwa wakati mmoja. Na kama unafikiri kufungua kibanda chako mwenyewe, akaunti ya nyumbani haikupi ruhusa ya kukusanya watu na kuwatoza.

Vifurushi vifupi vina faida nyingine hapa kwetu, kwa sababu ratiba zetu hazishikiki. Ile dabi ya 25 Juni ilipaswa kuchezwa Jumamosi ya tarehe 8 Machi. Usiku wa kuamkia mechi Simba walilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani, wakasema hawachezi, na Bodi ya Ligi ikaahirisha siku yenyewe ya mechi, watu wakiwa wameshasafiri kutoka mikoani. Ikapangwa 15 Juni, ikasogezwa tena hadi 25. Fikiria aliyelipia kifurushi cha mwezi kuanzia Machi kwa ajili ya mechi hiyo moja. Kulipa asubuhi ya mechi, kwa M-Pesa au Airtel Money, kunakupa nafasi ya kusikiliza kwanza kama mechi ipo.

Nirudi kwenye habari, maana hapo makosa hayaishii kwenye pesa.

Nairobi tumeona antena ikikatwa na intaneti ikiokoa. Miezi minne baadaye, Tanzania ikawa kinyume. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikaanza kurudi siku kadhaa baadaye. Aliyekuwa ameuza king'amuzi akahamishia kila kitu kwenye simu hakuwa na taarifa ya habari, hakuwa na YouTube, hakuwa na WhatsApp. Mwenye antena alikuwa na chaneli zake. Kama zilimwambia yote aliyotaka kujua ni mjadala mwingine, na mwenye redio ya masafa mafupi inayoshika idhaa za nje alikuwa na cha kulinganisha. Uganda walikwishaonja hali kama hiyo Januari 2021.

Serikali si chanzo pekee. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa pwani yetu, na intaneti ya Tanzania ikadorora kiasi cha kushindwa kufungua hata barua pepe. Hakuna aliyekusudia. Umeme nao ukikatika, faiba haina maana kama kipanga njia chako kimezima, ilhali simu yenye chaji na bando bado inafanya kazi, na redio ya betri inafanya kazi kuliko zote.

Ninachokiona katika haya ni kwamba habari zinahitaji njia mbili zisizotegemeana, na kwa bahati njia ya pili ni ya bei ndogo. Antena ya kawaida na king'amuzi chake, hata bila kifurushi, pamoja na simu yenye chaneli za YouTube za vituo unavyoviamini. Mkenya anayefuata Nipashe ya Citizen saa moja usiku anaipata kwa njia zote mbili. Mtanzania wa taarifa ya saa mbili usiku, ITV au TBC1, vivyo hivyo. Wala usidhani kwamba kilichoko mtandaoni kiko huru kwa sababu tu kiko mtandaoni: tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, TV za mtandaoni Tanzania zinahitaji leseni ya TCRA, na Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi zilisimamishwa kwa siku 30. Antena inashika miji na vitongoji vyake. Ukiwa mbali na mtambo, dishi ndilo linalochukua nafasi yake, ukikumbuka chaneli za bure zilivyoondolewa 2018.

Kuna habari za nyumbani ambazo hakuna TV ya intaneti itakayokuletea, na sioni kampuni ikiitangaza kasoro hiyo. Taarifa za habari za kitaifa zinakaa Dar na Dodoma. Daraja lililosombwa Ludewa litapata sekunde 40 kama waziri amelitembelea. Ukitaka kujua kama barabara inapitika, bei ya mahindi sokoni, au maji yatarudi lini, utasikia kwenye redio za mikoani, Ebony FM ukiwa Iringa, Radio Free Africa ukiwa Mwanza, nyingi zikipatikana mtandaoni kwa sauti peke yake inayokula bando kidogo sana. Anayeishi mbali na kwao angeanza na hizo kabla ya kutafuta picha.

Na walio mbali ndio hasa waliotengenezewa TV ya intaneti. Mswahili wa Muscat, mjukuu wa Unguja, dabi ya saa kumi na moja jioni anaiona saa kumi na mbili, baada ya kazi, mahali ambapo zamani angesubiri kupigiwa simu. Wa Minneapolis anaiona saa mbili au saa tatu asubuhi, kutegemea majira, akiwa na kikombe cha chai. Kwao dishi la Dar halina maana. Vikwazo vyao ni vingine. Cha kwanza ni mipaka ya haki: DStv Stream imefungwa ndani ya eneo lake la Afrika, na ukitua Heathrow inakuambia hivyo. Kabla ya kulipia chochote kutoka nje, jua kama haki za mechi unayoitaka zinauzwa hadi unakoishi, maana mechi za ligi zinaweza kuonekana na za CAF zikazuiwa ndani ya programu ileile. Cha pili ni malipo: programu inayotaka pesa za simu peke yake haitakufaa, tafuta inayokubali kadi. Cha tatu kinaonekana kidogo na ndicho kinachowakwamisha wengi: namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS kwenye laini ya nyumbani. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine, na akaunti ikaenda nayo. Fungua akaunti kwa barua pepe, au kwa laini ya ndugu anayeitumia kila siku na anayepokea simu. Waliowahi kumpigia shangazi kuomba namba hiyo dakika tano kabla ya mechi wanajua ninachosema.

Wengine hutumia VPN kujifanya wako Dar. Mara nyingi masharti ya huduma yanakataza, na huduma nyingi zinaitambua. Tena kwa walio ndani ya Tanzania, tangu Oktoba 2023 TCRA inataka matumizi ya VPN yaandikishwe. Anayeuza “VPN ya mpira” huwa hatoi maelezo hayo.

Linalokuja sasa ni AFCON 2027, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwa wenyeji. Mechi zitachezwa nyumbani lakini haki zake ni za CAF, kama zilivyokuwa za CHAN ya Agosti 2025 iliyochezwa kwenye nchi hizohizo. Uwanja kuwa mtaani kwako hakuipi kampuni ya king'amuzi chako haki yoyote, na tulishaona kwenye AFCON ya Januari 2024 jinsi mambo yanavyoweza kubadilika siku chache kabla ya filimbi. Atakayekuuzia kifurushi cha mwaka mzima kwa ahadi ya mashindano hayo, mwambie akuonyeshe kwanza mahali ilipotangazwa kwamba amezinunua haki, za intaneti kwa jina lake, na kwa nchi unayoishi. Akianza kukuonyesha bango lenye picha ya kombe, hifadhi pesa yako.